Kulwa akivaa gauni anakuwa nani?

Mama mmoja alinijia ofisini na mapacha wake wa miaka minne, wa kiume na wa kike, nitawaita Kulwa na Doto maana huku Usukumani pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto awe wa kike awe wa kiume, jina halikwambii kitu. Mama anaanika dagaa pale mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, baba anaingia ziwani usiku. Kilichowaleta ni kwamba Kulwa anachukua mdoli wa dada yake, anamfunga mgongoni kwa kanga, anazunguka naye uani anambembeleza, na baba ameshamchapa mara mbili. "Dokta, baba yake anasema huyu atageuka mwanamke." Mi sio dokta wa sindano, ni mwanasaikolojia wa watoto, ila huku ukiwa na meza na mafaili we ni dokta tu, nimeshazoea.

Nikaacha kuongea na mama nikahamia kwa watoto. Doto, ukiwa mkubwa utakuwa baba au mama? "Baba. Ntavua samaki." Haya, na Kulwa akivaa gauni lako anakuwa nani? Akaniangalia kama vile mimi ndo mtoto. "Anakuwa Doto."

Mama alicheka mpaka machozi lakini mi nilitaka asikie hilo jibu vizuri, maana majibu ya baba yalikuwa humo humo. Mwaka 1966 Mmarekani Lawrence Kohlberg alieleza kwamba mtoto hazaliwi akijua hili jambo la kuwa wa kike au wa kiume, analijenga kidogo kidogo. Kwenye miaka miwili hadi mitatu anajua kusema mimi wa kike, mimi wa kiume, lakini kwake ni kama kofia, leo ipo kesho inavuliwa. Baadaye, mitatu minne hivi, anaanza kuelewa kwamba mvulana atakuja kuwa mwanaume, na mpaka afike kama sita au saba ndo anashika kwamba hata avae gauni, hata asuke, habadiliki. Ni umri ule ule ambao ukimmiminia uji kutoka bakuli pana kwenda kwenye glasi nyembamba ndefu bado anakwambia uji umeongezeka. Anaamini macho, basi. Kwa hiyo Doto hakuwa na utani, na Kulwa na mdoli wake hakuwa anatangaza lolote kuhusu maisha yake, alikuwa anafanya alichomwona mama anafanya kutwa nzima.

Sandra Bem, mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, alisimulia kisa cha mwanae wa kiume aliyeenda chekechea amevaa vibanio vya nywele, mwenzake akamwambia we wa kike maana wanaovaa vibanio ni wa kike, mtoto akajitetea weee mwisho akashusha suruali aonyeshe ushahidi, na yule mwenzake hakutikisika hata kidogo, akasema hicho kila mtu anacho, vibanio ndo vya wa kike! Huku kwetu shule nyingi wote wananyoa kipara, sasa mtoto anashika hereni na sketi. Nimewahi kusikia mtoto wa Mabatini akibishana kwamba shangazi yake aliyenyoa ni mwanaume, hereni zilivyorudi masikioni akawa shangazi tena.

Na lugha nayo imo. Kuna utafiti wa 1982 ulilinganisha watoto wanaokua na Kiebrania, ambacho karibu kila sentensi inataja kike au kiume, na wanaokua na Kifini ambacho hakitofautishi, na wa Kiebrania walijitambua mapema zaidi. Sisi na "yeye" yetu na "amekuja" yetu tuko upande wa Kifini, kwa hiyo mtoto wako akichelewa kidogo kwenye hili usiwe na presha.

Sasa baba akauliza, alikuja wiki iliyofuata macho mekundu ya ziwani, kwamba je ni malezi tu? Hapana. Karibu na wiki ya saba ya mimba jeni inayoitwa SRY, yaani kipande cha urithi cha mtoto wa kiume, iliyogunduliwa mwaka 1990, inaanzisha korodani na zile zinaanza kutoa testosteroni, homoni ya kiume. Wasichana waliopata homoni za aina hiyo nyingi kuliko kawaida tumboni, kwa sababu ya ugonjwa wa tezi za juu ya figo, wengi wanapenda michezo na vichezeo vya wavulana, na bado walio wengi wanajitambua kuwa wasichana. Nikampa na kisa cha mapacha wa Kanada kwa vile naye ana mapacha: David Reimer alizaliwa 1965, akaunguzwa uume akitahiriwa akiwa na miezi kadhaa, mtaalamu John Money akashauri alelewe kama msichana, wakamvalisha magauni miaka na miaka, akakataa kabisa, na alivyoambiwa ukweli akiwa na miaka 14 akarudi kuwa mvulana. Gauni la miaka kumi na zaidi halikumgeuza, mzee, kanga ya dakika ishirini ndo imgeuze wako? Akanyamaza. Kuna watoto wachache ambao kwa miaka, sio kwa mchezo, wanasisitiza na kuteseka kwamba wao sio vile wanavyoitwa, na wapo wanaozaliwa maumbile hayako wazi, hao waletwe tuongee taratibu, fimbo haijawahi kumsaidia hata mmoja wao.

Tofauti zenyewe ni ndogo kuliko kelele zake. Mwanasaikolojia Janet Hyde mwaka 2005 alipitia chambuzi 46 zilizojumlisha tafiti nyingi, asilimia 78 ya tofauti za kike na kiume zilikuwa ndogo au karibu na sifuri. Halafu sisi watu wazima tunaziongezea chumvi: mwaka 1976 watu walionyeshwa filamu ya mtoto mchanga anashtuka na kulia, walioambiwa ni wa kiume wakasema amekasirika, walioambiwa wa kike wakasema ameogopa, mtoto ni yule yule.

Ila utafiti ninaoupenda kuliko yote umefanyika ziwa hili hili la Victoria, upande wa Kenya, kwa Wajaluo. Mtafiti Carol Ember, aliyeuchapisha 1973, alikuta nyumba ambazo mabinti hawatoshi, kwa hiyo vijana wa kiume wanapewa kupika, kulea mdogo, kusafisha. Wale vijana hawakuwa wasichana. Walikuwa wanagombana kidogo, hawapendi kutawala wenzao, na hiyo tabia walikuwa nayo hata wakiwa nje bila kazi yoyote mkononi. Na kazi za ndani ndo zilizoacha alama zaidi. Yaani unachompa mtoto afanye kila siku kinamkaa kuliko mdoli.

Nimekutana nao tena juzi, wamefika sita. Doto hasemi tena atakuwa baba, anasema atavua samaki akiwa mama. Kulwa? Amegeuka polisi. Hakai kiti cha pinki, rede ni ya wa kike, yeye ni chandimu na wavulana wenzake tu. Ni kawaida, watafiti Maccoby na Jacklin waliona watoto wa miaka minne na nusu wakicheza na jinsia yao mara tatu zaidi, wa sita na nusu mara kumi na moja, na huo ukali kwa kawaida unalegea baadaye.

Baba ndo aliyenichekesha. Siku hizi yeye ndo kampangia Kulwa zamu ya vyombo. Na anaosha, mama anasema, anaosha vizuri tu, ila anaingiza beseni ndani na kufunga mlango, mtoto wa jirani asimwone.