Kushoto kwa nani? Mrengo wa kushoto Amerika ya Kusini, kutoka bunduki hadi kura

Katika darasa letu la jioni la elimu ya watu wazima hapa Kigoma, mama mmoja anayeuza dagaa mwaloni Kibirizi alinyoosha mkono. Alikuwa amesikia redioni kwamba mrengo wa kushoto umeshinda uchaguzi huko ng'ambo. "Mwalimu, kushoto kwa nani? Mimi nikigeuka, kushoto kwangu ndiyo kulia kwako." Darasa likaangua kicheko, lakini mama alikuwa na hoja.

Jina lilianzia kwenye viti. Mwaka 1789, katika bunge la Ufaransa, waliotaka mfalme apunguziwe mamlaka walikaa kushoto kwa mwenyekiti, na waliomtetea wakakaa kulia. Siku hizi wa kushoto ni yule anayetaka serikali iwe na mkono mrefu katika uchumi: iwatoze matajiri zaidi, ishike mafuta na gesi, igharamie shule na matibabu ya walalahoi. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa siasa ya upande huo.

Na Kigoma imo ndani ya historia hii kuliko vijana wengi wa hapa wanavyojua. Usiku mmoja wa Aprili 1965, Che Guevara, Mwargentina aliyepigana katika mapinduzi ya Cuba, alivuka ziwa kutoka hapa kwenda Kongo akiwa na Wacuba wenzake. Majina yao ya kificho yalikuwa ya Kiswahili: Moja, Mbili, Tatu. Yeye mkubwa wao ndiye aliyeitwa Tatu. Novemba walirudi kwa boti wakiwa wameshindwa. Miaka miwili baadaye akauawa Bolivia.

Enzi hizo wengi wa kushoto waliona bunduki ndiyo njia. Salvador Allende wa Chile alijaribu ya kura, akashinda mwaka 1970, na jeshi likampindua Septemba 1973. Ndiyo maana kilichotokea baadaye kiliwashangaza hata wao wenyewe. Hugo Chávez, mwanajeshi wa Venezuela, alijaribu kupindua serikali mwaka 1992, akashindwa, akafungwa. Desemba 1998 akashinda urais kwa kura. Brazil ikamchagua Lula, fundi wa kiwandani na kiongozi wa chama cha wafanyakazi, mwaka 2002. Argentina, Uruguay na Ekwado zikafuata. Na Bolivia, nchi ileile alikouawa Che, mwaka 2005 ikampa Evo Morales, kiongozi wa wakulima wa koka, mmea ambao majani yake hutafunwa na pia hutengenezewa kokeini, zaidi ya nusu ya kura.

Kwa nini wote kwa mkupuo? Kwanza, watu walikuwa wamechoka. Deni la miaka ya 1980 liliwaletea masharti tunayoyafahamu sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 1986, Tanzania ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa: ondoa ruzuku, uza mashirika, punguza watumishi. Februari 1989 nauli zilipanda mjini Caracas, mji mkuu wa Venezuela, watu wakaingia mitaani, na mamia wakauawa. Mpanda daladala ya Ujiji hahitaji kuelezwa hasira ya nauli. Mwaka 2000, mji wa Cochabamba huko Bolivia uliandamana hadi kampuni iliyokabidhiwa maji ikaondoka. Desemba 2001, Waargentina walizuiwa kutoa fedha zao benki, na rais wao akaondoka ikulu kwa helikopta.

Sababu ya pili ndiyo ninayoipa uzito zaidi: bei. Wavuvi wetu wanalijua jambo hili vizuri. Dagaa huvuliwa kwa taa, kwa hiyo usiku wa giza ndio neema, na mbalamwezi ndiyo njaa. Mwenye akili hutunza cha giza kimfikishe giza jingine. Basi kuanzia mwaka 2003 hivi, Amerika ya Kusini ilipata giza refu. Viwanda vya China vilitaka shaba, soya, chuma na mafuta. Pipa la mafuta lililouzwa karibu dola 10 mwishoni mwa 1998 lilipita dola 140 Julai 2008. Ahadi za kushoto zikapata wa kuzilipia. Brazil ilianzisha Bolsa Família mwaka 2003: kaya maskini inalipwa, mradi watoto waende shule na wapate chanjo. Wanufaika wa TASAF, mfuko wetu wa kusaidia kaya maskini, watautambua utaratibu huo mara moja.

Mbalamwezi ikatoka mwaka 2014. Bei ya mafuta ikaanguka zaidi ya nusu kwa miezi michache. Venezuela, iliyotegemea mafuta kwa karibu mapato yake yote ya nje, haikuwa na akiba ya maana, na tayari wakosoaji wa serikali walikuwa wanafungwa. Zaidi ya watu milioni 7 wameihama. Morales naye aliwauliza wananchi mwaka 2016 kama agombee tena, wakakataa, akagombea hivyo hivyo mwaka 2019, na ikaishia yeye kukimbilia Mexico. Mimi siwezi kulaumu bei kwa hilo.

Wimbi la pili lilikuja, Mexico mwaka 2018 na Kolombia mwaka 2022, ambako Gustavo Petro, aliyewahi kuwa katika kundi la waasi, alikuwa rais wa kwanza wa mrengo wa kushoto. Nalo limepata vipigo: Argentina iligeuka mwaka 2023, Bolivia mwaka 2025.

Mama wa Kibirizi aliniuliza kama yupo hata mmoja aliyeondoka kwa amani. Nikamtajia José Mujica wa Uruguay. Ujanani alishika bunduki, akapigwa risasi, akakaa jela zaidi ya miaka kumi. Alikuwa rais kuanzia 2010 hadi 2015, na muda wote huo alikataa kuhamia ikulu. Kipindi kilipokwisha alikabidhi madaraka, akaendesha Volkswagen yake kuukuu mpaka kwenye shamba la maua alikokuwa akiishi siku zote.