Mtutu Mpya wa Bunduki: Fuata Rangi ya Kitambaa, Usihesabu Risasi

Anayenunua bunduki mpya ya kuwindia huambiwa apige risasi 50, hata 100, akisafisha kila baada ya risasi moja, ili kuulainisha mtutu. Huo ni upotevu. Panapohitaji kulainishwa ni koo la mtutu, kipande kifupi mbele ya chemba (panapokaa risasi kabla ya kufyatuliwa), ambapo inaanzia michirizi ya ndani inayoizungusha risasi. Chombo kilichochonga chemba huacha hapo mikwaruzo ya kukingama, nayo huikwangua shaba iliyoifunika kila risasi inayopita. Gesi ya baruti huibeba shaba hiyo na kuigandisha mbele zaidi. Isipotolewa, tabaka hupanda juu ya tabaka na risasi huanza kutawanyika kwenye shabaha.

Fanyia kazi hii kwenye uwanja wa shabaha ulioidhinishwa. Kwanza toa bolti, yaani kipande cha nyuma kinachofunga chemba, chungulia mtutu kutokea nyuma, upitishe vitambaa vikavu mpaka mafuta ya kiwandani yaishe. Kitambaa kilichosahauliwa ndani kinaweza kuupasua mtutu.

Piga risasi moja. Hakikisha chemba ni tupu, toa bolti, weka bomba la kuongozea ufito wa kusafishia, kisha sukuma kitambaa chenye dawa ya masizi ya baruti kutoka chemba kwenda mdomoni. Kikitokeza, kitoe, usikirudishe ndani. Ukingo wa mdomo ndio unaoigusa risasi mwisho, na ukichubuliwa na ufito, usahihi umekwenda. Halafu tia dawa ya shaba kwa brashi ya nailoni, bila kuzidisha dakika zilizoandikwa kwenye chupa, maana amonia iliyomo katika baadhi ya dawa hizo ikikaa mno hudhuru chuma. Kitambaa kikitoka na buluu au kijani, shaba bado imo. Ila ncha ya ufito ikiwa na shaba, dawa huila hiyo ncha na kukupa buluu ya uongo. Kabla ya risasi inayofuata, kausha mtutu.

Endelea hivyo hadi buluu ipungue waziwazi. Mtutu uliosuguliwa ndani kwa mkono na fundi aliyeutengeneza huweza kufika hapo kwa risasi 5 hivi. Wa kawaida wa kiwandani, 10 au zaidi. Kisha safisha kila baada ya risasi tatu, mara mbili au tatu, basi. Mtutu usioshikika kwa moto uachwe upoe, kwani joto ndilo linalolila koo.

Gale McMillan, fundi wa mitutu wa Marekani, alilipinga zoezi zima, akisema linapunguza umri wa mtutu bure. Kwa wanaong'ang'ania risasi 100, alikuwa na hoja. Mitutu yenye kromu ndani haihitaji zoezi hili.