Mashapo ya pwani: mchanga wa ufukwe unatoka wapi na unakwenda wapi

Mashapo ya pwani ni chembe zote ambazo maji huzibeba na kuzitua kando ya bahari: tope, mchanga, changarawe, vipande vya makombe na matumbawe. Hugawanywa kwa ukubwa. Chembe yenye upana wa kati ya milimita 0.06 na 2 ni mchanga. Chini ya hapo ni tope, juu ya hapo ni changarawe. Ukubwa ndio unaoamua chembe itatua wapi. Tope hutaka maji yaliyotulia, ndiyo maana utalikanyaga kwenye mikoko ya mlango wa Mto Msimbazi, Dar es Salaam, na si Coco Beach, ambako mawimbi hayaliachi likae.

Chota mchanga mkavu pale Kunduchi, uutandaze kiganjani juani. Chembe nyingi zinapitisha mwanga: hizo ni kwatzi, madini magumu yaliyotoka bara kwa njia ya mito. Nyeusi ni madini mazito, nayo yaliletwa na mito. Nyeupe zisizong'aa, zenye kingo zilizovunjika, zimezaliwa baharini: makombe, matumbawe, na mwani wenye chokaa. Ukitaka kuhakikisha, mimina siki. Za chokaa zitatoa mapovu, kwatzi haitafanya kitu. Ukivuka kwenda Kisiwa cha Mbudya utaona mchanga mweupe zaidi, kwa sababu kisiwani hakuna mto wa kuleta kwatzi.

Mchanga huo hautulii. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, takriban Aprili hadi Oktoba, mawimbi hutoka kusini-mashariki na kuupiga ufukwe mshazari. Wimbi linapanda kwa upande, likiwa na chembe zake. Likirudi, linateremka moja kwa moja kufuata mteremko. Chembe haikurudi ilipotoka, imesogea kidogo kuelekea kaskazini. Wimbi linalofuata linaisogeza tena, na mkondo unaopita sambamba na ufukwe unazidi kuisukuma. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikiingia, mwendo hugeuka kuelekea kusini, lakini kusi lina nguvu zaidi, hivyo kwa mwaka mzima mchanga wa Mbezi hadi Kunduchi huishia kwenda kaskazini. Bamvua, yaani maji makuu, nayo ina sehemu yake: maji ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo mawimbi hufanya kazi juu ya eneo pana, na kusi kali likikutana na maji makuu hufika hadi kwenye mizizi ya minazi.

Kwa hiyo ufukwe hubaki pale pale ikiwa tu mchanga unaoingia unalingana na unaotoka. Hapa ndipo penye uchungu. Mto Mbezi na Mto Tegeta ndiyo iliyokuwa ikiulisha ufukwe wa upande huu, na ndiyo hiyo hiyo iliyochimbwa mchanga wa kujengea jiji. Kila tripu inayopakiwa mtoni ni mchanga ambao bahari ilikuwa inausubiri. Bahari haiachi kuchukua kwa sababu haijaletewa, inakula ufukwe. Hoteli ya Africana ililiwa hivyo, na leo wengi wanaijua Africana kama jina la kituo tu. Matumbawe yaliyobomolewa kwa baruti yaliongeza hasara, maana mwamba ulio hai huvunja nguvu ya wimbi kabla halijafika.

Wenye majengo hujibu kwa kujenga kuta za mawe zinazoingia baharini. Ukuta hauzalishi mchanga, unauzuia tu usipite. Upande wa kusi mchanga hujaa. Upande wa pili, kwa jirani, ufukwe huanza kukatika, naye hulazimika kujenga ukuta wake. Ukipita ufukweni Kunduchi maji yakiwa yamekupwa, linganisha kimo cha mchanga pande mbili za ukuta mmoja: ulikolundikana ndiko unakotoka.