Kidonda mguuni, mtoki kinenani: maswali kuhusu seli T

Maswali haya nimeyaokota kwenye benchi la kliniki hapa Mbeya, isipokuwa la pili, ambalo ni la mwanafunzi wa kidato cha sita kutoka Mafinga.

Nikijikata na jembe mguuni, mtoki unatokea kinenani. Kidonda chini, uvimbe juu. Kwa nini?

Kwa sababu shughuli kubwa haianzii kwenye kidonda. Chini ya ngozi kuna seli za dendriti. Humeza vijidudu, huvikatakata, kisha husafiri na vipande mpaka kwenye tezi za limfu zilizo jirani, na kwa mguu ndizo hizo za kinena. Huko seli T, aina ya chembe nyeupe za damu zinazoulinda mwili, hupita mchana na usiku zikikagua. Kila moja ina kipokezi cha aina moja tu, kwa hiyo inayokitambua kijidudu chako huenda ni moja kati ya laki moja, au hata kati ya milioni. Ikikutana nacho hutulia hapo na kugawanyika, na kwa siku chache huwa maelfu. Tezi inajaa, inauma. Usiichanje wala kuikamua; tibu kidonda. Ila uvimbe usioisha kwa wiki kadhaa, hasa ukiandamana na homa, kukonda au jasho la usiku, upeleke hospitali. TB ya tezi ipo.

Seli T inajuaje kuwa huyu ni adui na si mwili wenyewe?

Kwanza hufundwa. Huzaliwa kwenye uboho, kisha huenda jandoni: thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Zaidi ya asilimia 95 hufia humo, ama kwa kutoweza kutambua chochote, ama kwa kutaka kuushambulia mwili.

Hata zilizofuzu haziachiwi hivi hivi. Fikiria barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa: picha yako ipo, lakini bila muhuri hakuna ofisi itakayokusikiliza. Kipande cha kijidudu kinachoonyeshwa na seli ya dendriti ndiyo picha. Muhuri ni protini iitwayo B7, ambayo seli T huishika kwa mkono wake wa CD28. Na seli ya dendriti haigongi muhuri mpaka ione dalili za maambukizi. Picha ikija bila muhuri, seli T hufa ganzi na haiitikii hata siku nyingine. Ndiyo maana chanjo kama ya pepopunda hutiwa chumvi ya alumini: inauchokoza mwili ili muhuri ugongwe. Paja la mtoto kuvimba kidogo siku ya chanjo kunatokana na uchokozi huo huo.

Zikishaamka zinafanya nini?

Zenye alama ya CD8 huua. Huitoboa seli iliyoingiliwa na virusi kwa protini iitwayo perforini, huingiza vimeng'enya viitwavyo granzaimu, na seli hiyo hujimaliza yenyewe. Zenye CD4 nazifananisha na msimamizi wa msaragambo. Hashiki jembe sana, lakini asipofika kazi inalala. Ndizo zinazozisaidia seli B kutengeneza kingamwili bora, na kuzipa makrofeji, seli zinazomeza vijidudu, nguvu ya kuua bakteria wa TB waliojificha ndani yake.

Ndizo CD4 tunazopimwa CTC, kliniki ya wenye VVU?

Ndizo. VVU huzitumia kama mlango. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo 500 hadi 1,500 katika kila mikrolita ya damu. Chini ya 200, magonjwa nyemelezi hupata njia. Kwetu jambo hili liko karibu: utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta VVU kwa asilimia 12.7 ya watu wazima Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya. Bado nakutana na watu wanaosubiri "CD4 zishuke kwanza" ndipo waanze ARV, dawa za kufubaza VVU. Utaratibu huo uliachwa 2016. Ukikutwa na VVU unaanza dawa.

Kwa nini kipimo cha TB cha ngozi husomwa baada ya siku mbili tatu?

Kwa sababu kinasubiri seli T zenye kumbukumbu, yaani zilizowahi kukutana na TB, zifike, na huchukua saa 48 hadi 72 kuvimbisha ngozi. Chanjo ya BCG, ile ya kukinga TB, nayo yaweza kuleta uvimbe. Kwa mwenye CD4 za chini sana, ngozi inaweza kubaki tambarare na TB anayo: hakuna wa kuivimbisha.