Mpiga debe wa mji: maana yake, kwa mfano wa William Ogden wa Chicago

Mpiga debe wa stendi akishajaza basi hubaki chini, basi likaondoka. Mpiga debe wa mji katika Marekani ya karne ya 19 alikuwa mtu wa namna nyingine: huku akiita abiria, yeye mwenyewe ameshakaa ndani. Alikuwa mfanyabiashara aliyenunua ardhi mahali pachanga, mara nyingi akashika na cheo hapo hapo, kisha akatumia fedha na sauti yake kuvuta watu. Mji ukikua, viwanja vyake vinapanda bei.

William Butler Ogden ndiye anayenieleza dhana hii vizuri kuliko wengine. Alizaliwa 1805 huko Walton, jimbo la New York, akafika Chicago 1835 kusimamia ardhi ya shemeji yake. Alikuta kinamasi, akamlaumu shemeji kwa kutupa fedha. Lakini mnada ulipopigwa, theluthi moja tu ya ardhi ile ilirudisha karibu bei yote ya ununuzi. Akahamia. (Miaka miwili tu nyuma, Wapotawatomi, wenyeji asilia wa hapo, walikuwa wamebanwa kwa mkataba waachie ardhi waliyobaki nayo eneo hilo. Wasifu wa matajiri hawa huliruka jambo hilo, na si haki.)

Mwaka 1837 Chicago, yenye watu wapatao 4,000, ikawa jiji, naye akachaguliwa meya wa kwanza. Mwaka huo huo uchumi wa nchi ukaporomoka. Wadaiwa wakataka kukwepa madeni; Ogden akawasihi hadharani wasiuvunjie mji heshima. Alijua kwamba jina jema ndilo mtaji, kwani mji usiolipa haukopeshwi tena.

Kisha reli ya Galena and Chicago Union. Matajiri wa mashariki waliposita kuitolea fedha, mwaka 1847 Ogden alizunguka mashambani akiwauzia hisa wakulima, watu waliochoka kukwama matopeni na mikokoteni ya ngano. Mwaka uliofuata injini iitwayo Pioneer ikaanza safari. Kufikia 1870 Chicago ilikuwa na watu karibu 299,000.

Ogden mwenyewe alikuwa amesharudi New York, ila mali nyingi aliiacha Chicago. Tarehe 8 Oktoba 1871 moto ulizuka Chicago, na usiku huo huo moto mwingine ukateketeza Peshtigo, mji wa jimbo la Wisconsin, alikokuwa na kiwanda cha mbao. Akiwa na miaka 66, alisafiri kwenda kuyaona majivu ya Chicago, kisha ya Peshtigo.