Boti ya faiba si matatu

Boti yetu ya futi 14, ya faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya plastiki iitwayo poliesta), ilivutwa kwa trela kutoka Naivasha, kilomita 90 hivi, ikaegeshwa chini ya mabati Kariobangi, Nairobi, katikati ya matatu mbili zinazongoja rangi; nayo ilikuja kupakwa upya. Kila anayepita ana ushauri, na karibu wote ni ushauri wa magari. Gari hunyeshewa tu. Boti hulala majini.

"Faiba haiozi." Nusu kweli. Kinachooza ni mbao iliyofichwa ndani yake. Boti nyingi za zamani zina plaiwudi iliyofunikwa kwa faiba, hasa kwenye ubao wa tezi, yaani wa nyuma, unaobeba injini na kwenye mihimili ya chini ya sakafu. Tundu moja la skrubu lisilozibwa linatosha kuingiza maji. Chukua sarafu ya shilingi ishirini, gonga ubao wa tezi kutoka juu ukishuka. Penye uzima hulia ko, ko, ko. Penye uozo sauti hufa, kama unagonga mkate. Yetu ilifia chini ya boliti za injini, na tulipotoboa kwa drili, badala ya machujo makavu ulitoka ujiuji wa kahawia. Habari ya rangi ikaishia hapo kwa muda: tulikata faiba ya ndani, tukachokoa mbao kwa patasi, tukaweka plaiwudi mpya ya kuhimili maji na kuinywesha epoksi, gundi ya kuchanganya sehemu mbili, mpaka kwenye kingo, maana kingo ndizo hunywa maji kwanza.

"Maji ya ziwa hayana chumvi, hayana madhara." Kwa faiba, maji baridi ndiyo hatari zaidi. Ngozi ya nje ya boti, yaani jelikoti, ina unene wa nusu milimita hivi na hupitisha maji kidogo kidogo. Yakifika ndani huyeyusha mabaki ya kemikali za poliesta, na kimiminika hicho kizito huvuta maji mengine. Maji ya nje yakiwa hayana chumvi, mvuto huo huongezeka. Ndipo malengelenge huchomoza. Ukipasua moja, vaa miwani, kwa sababu huwa lina msukumo. Utasikia harufu kama ya siki. Yafungue yote, osha kwa maji safi mara kadhaa, kisha acha boti ikauke kwa wiki nyingi, pengine miezi. Kupaka rangi mapema ni kufunga jipu ambalo halijakamuliwa.

"Puti ya gari itaziba." Juu ya mlango wa matatu, sawa. Ila ina unga wa talki unaonyonya maji, kwa hiyo chini ya mstari wa maji tumia epoksi iliyokolezwa ikawa nzito kama puti. Epoksi hushika vizuri juu ya poliesta, lakini jelikoti juu ya epoksi mara nyingi hugoma kukauka.

"Anza na msasa." Fundi wetu alikuwa ameshaushika, namba 80. Boti imepakwa nta miaka nenda miaka rudi, na msasa huizamisha kwenye mikwaruzo, halafu rangi inabanduka. Kwanza sabuni, kisha asetoni: kitambaa kilicholowa mkono mmoja, kikavu mkono wa pili, ukifuta kabla haijapaa. Mwagia maji. Yakijikusanya matone kama kwenye jani la nduma, rudia.

"Julai kuna baridi, ongeza hadna." Hadna ni kikaushio kinachochanganywa ili gundi au rangi igande. Epoksi ina kipimo chake, na hadna ikizidi haina cha kushikana nacho, hivyo kitu hubaki laini milele. Poliesta hukuvumilia kidogo, kwa kawaida hadna ya kati ya asilimia 1 na 2. Subiri Januari. Hata wakati huo paka kuanzia saa nne asubuhi na uwe umemaliza mapema alasiri, kwa kuwa umande ukiikuta rangi mbichi ya poliuretheni huua mng'ao.

"Ukimaliza kupuliza rangi, kunywa maziwa." Hili silichoki kulipinga. Maziwa huenda tumboni, ukungu wa rangi huenda mapafuni. Rangi za kuchanganya na hadna, zile za poliuretheni, zina isosayaneti, kemikali inayoweza kukuachia pumu ya kudumu. Leso puani haizuii chochote; anayezipuliza anahitaji kifaa kinachomletea hewa safi kwa mpira kutoka nje. Sisi hatukuwa nacho, tukaacha kompresa. Mmoja alisukuma rola ya sponji, mwingine akamfuata na brashi laini akivunja mapovu, milango wazi, glavu mkononi. Mwenye matatu ya jirani aliuliza tumepuliza kwa mashine gani.

Yetu italala kwenye trela, kwa hiyo rangi hiyo ilishuka mpaka mkukuni, uti wa chini kabisa wa boti. Ingekuwa ya kuachwa majini wiki baada ya wiki, tungeikomesha juu ya mstari wa maji, kwa sababu poliuretheni ikiloweshwa mfululizo huumuka, na malengelenge yangeanza upya.