enp59s0f1 ni tundu lipi nyuma ya seva?

Uko kwenye simu na fundi aliyesimama nyuma ya raki. Unamwambia, "Chomeka kebo kwenye enp59s0f1." Anakujibu, "Kaka, hapa naona matundu manne, hakuna lililoandikwa hivyo." Hajakosea. Jina hilo la tundu la mtandao linaishi ndani ya Linux tu, yaani mfumo endeshi wa seva. Kwenye bati la seva halipo.

Zamani tulikuwa na eth0, eth1, eth2. Namba zilifuata zamu ya kadi za mtandao kutambuliwa na kerneli (kiini cha Linux), na seva ikizimwa na kuwashwa zamu iliweza kugeuka: tundu la mtandao wa ndani likaamka na jina la tundu la mtandao wa nje, pamoja na sheria zake zote za ulinzi. Hatari hiyo ndiyo iliyofanya systemd (programu inayoanzisha na kusimamia huduma za Linux), kuanzia toleo la 197 la mwaka 2013, itoe majina kwa kufuata mahali kadi ilipokaa.

Herufi "en" ni Ethaneti. Ikifuatwa na "o", kama eno1, tundu limo kwenye ubao mama wenyewe na namba imetoka kwa BIOS, programu ya ubao inayoamka kabla ya Linux. Ens1 ni namba ya sloti, yaani nafasi ya kuchomeka kadi. Enx hubeba anwani ya MAC nzima, yaani namba ya utambulisho ya tundu lenyewe. Pale BIOS isipotoa namba, jina hushika anwani ya PCI, mfumo unaounganisha kadi na ubao mama: p59 ni basi (njia ya data), s0 ni kifaa kwenye basi hiyo, f1 ni sehemu ya pili ya kadi ileile, maana hesabu huanzia f0.

Hapa wengi hupotea. Ukiendesha lspci, amri ya kuorodhesha vifaa vya PCI, utatafuta 59 usiione, kwa sababu lspci huandika kwa hesabu ya kumi na sita: utakuta 3b:00.1. Tatu mara kumi na sita, ongeza kumi na moja, ndiyo 59 yako.

Hata hivyo, jina halisemi f0 iko kushoto au kulia. Hilo huamuliwa na aliyetengeneza kadi, kwa hiyo usikisie. Andika:

ethtool -p enp59s0f1 15

Taa ya tundu hilo itapepesa kwa sekunde 15, na fundi ataliona kwa macho yake. Unahitaji mamlaka ya root (msimamizi mkuu), na si kila kadi inakubali amri hii. Ikikataa, mwombe achomeke kebo iliyo hai kwenye tundu lililo wazi huku wewe ukisoma faili la /sys/class/net/enp59s0f1/carrier, linaloonyesha kama tundu limepata mawasiliano. Mradi umeliwasha kwa "ip link set enp59s0f1 up", 0 itageuka 1 akilipata. Usimwambie achomoe kebo yoyote kwenye seva inayohudumia watu.

Ukiongeza kadi nyingine, namba za basi zinaweza kusogea na jina likabadilika. Kwa seva ninazozitunza mimi hufunga jina kwa anwani ya MAC, kwenye faili la mipangilio la .link ndani ya /etc/systemd/network, kisha jina hilohilo nalibandika kwenye kebo, ncha zote mbili.